Jina Karani Alilompa Baba

Mwezi uliopita nilikuwa Kibirizi, pale maboti ya kwenda vijiji vya kaskazini yanapopakia, nasubiri mzigo wangu wa dagaa. Nikaona boti jipya la faiba limeandikwa neno la Kiingereza ubavuni, herufi nyekundu, kubwa. Kijana mwenye nalo yuko kando anatafuna muwa. Akaniamkia vizuri, nikamuitikia, nikamuuliza: mwanangu, unajua maana ya neno hilo? Akasema maana yake ni baraka. Nani kakwambia? Rafiki yangu, mama. Basi, mwenzangu, nilijikuta nimemshika yule kijana mkono na kumkaza. Nikasogea majini na viatu vyangu, nikalisoma lile neno herufi moja moja, mpaka nikaridhika kwamba kweli lilikuwa baraka. Akaniona mwehu. Na anione. Yeye hakuwapo Ujiji utoto wangu, wala hamjui karani.

Wewe uliyekulia kwingine labda utaniona mtu wa visasi. Ndiyo, ni mtu wa visasi. Sijawahi kuficha.

Nyumba yetu ilikuwa Ujiji, upande wa ziwani, ya udongo na bati la kuungaunga. Bibi, mama yake baba, alikuwa Mha wa kijijini hasa. Alikamua mawese nyuma ya nyumba, na ukimsogelea ananukia mafuta na moshi. Asubuhi kulikuwa na harufu ya dagaa wanaokauka kwenye mchanga, jua likipanda harufu inapanda nalo. Kazi yangu na ya dada yangu ilikuwa kuwafukuza kunguru kwenye dagaa, kusuuza masufuria kwa mchanga, na kumsaidia bibi kuponda ngazi, yaani matunda ya mchikichi, kwenye kinu. Ngazi zikishachemka zinateleza, unaponda huku mchuzi mwekundu unakurukia machoni. Jioni ni ugali wa muhogo na mgebuka wa kuchoma. Mgebuka ukitoka ziwani siku hiyohiyo hauhitaji hata chumvi, ngozi yake inatoa mafuta yenyewe kwenye moto. Siku hizi naununua mjini kwenye barafu, naupika, naula nikiwa na hasira.

Baba alikuwa mvuvi. Alikuwa mtu wa kuamini. Ukimwambia kesho nitakuletea, siku hiyo anakaa kutwa nzima anakusubiri, na usipokuja anasema umeugua. Bibi alikuwa akimfokea: "Wewe utauziwa mbuzi kwenye gunia!" Baba anacheka tu. Kicheko chake kilikuwa kikubwa, kinasikika kutoka ufukweni mpaka msikitini.

Bendera yetu ilikuwa bado mpya, watu wakiamkiana "Uhuru!" badala ya habari za asubuhi, baba alipomaliza kuunda chombo chake. Si mtumbwi wa gogo. Chombo kikubwa cha mbao, cha makasia na tanga, cha kuchukua akina mama wenye makapu ya dagaa na mawese kutoka huko Mwamgongo na vijiji vya juu kuja mjini. Alikijenga misimu na misimu, mbao moja akipata mbao moja akisubiri. Akina mama wenye biashara walikuwa wanapita kukikagua kana kwamba ni bwana arusi, wanakigonga ubavuni kwa vidole. Walishasema watahamishia mizigo yao kwetu. Chombo kile ndicho kilichoamua tule nini, tuvae nini, na mimi nisome mpaka wapi.

Lilibaki jina. Na wakati ule, kwa sababu ya Uhuru, kila mwenye chombo alitaka jina la fahari. Kulikuwa na majina ya Kiswahili, ya Kiarabu, ya Kifaransa kutoka ng'ambo ya Kongo. Baba akasema yeye anataka la Kiingereza, neno ambalo ziwa zima hakuna mwenye nalo. Akaenda kwa jirani yetu, karani wa stesheni ya reli.

Huyu karani alitoka upande wa Tabora. Watu wa kwao na watu wetu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo alipopanga nyumba ya pili tulimpokea kama ndugu. Unajua utani ulivyokuwa. Mtani anaweza kuingia jikoni kwako akafunua chungu, akakuita mchawi mbele ya wakwe zako, akalala kwenye kaburi la babu yako na kugoma kutoka mpaka apewe kitu. Na wewe ni kucheka. Anayekasirikia utani anaonekana si mtu. Karani alikuwa na baiskeli, soksi ndefu nyeupe, na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuonwa. Baba alimpelekea kapu la migebuka mibichi, akamkalia chini barazani, akamwomba jina.

Karani akafikiri, eti. Akaangalia juu. Kisha akaandika: WRECK. Akasema, hili ni neno zito sana la Kiingereza, maana yake Asiyeshindwa. Na ni kweli, ndugu yangu, ziwa zima hutakuta chombo chenye jina hili.

Hapo alisema kweli.

Baba akamleta fundi wa rangi. Herufi za bluu, kingo za njano. Siku ya kukishusha majini bibi alipika wali na kuku, mzee wa msikitini akasoma dua, ubani ukafuka mpaka tukakohoa. Karani alikuwapo. Alikula kwetu, akashiba, akanawa mikono, akasoma lile jina kwa sauti na wenzake wawili wa stesheni wakainama kama wanaotafuta kitu chini. Nilidhani wanaona aibu ya watu wengi. Walikuwa wanazuia kicheko, washenzi wale.

Sasa shuleni tulikuwa na mwalimu wa Kiingereza aliyependa maneno kama wengine wanavyopenda njiwa. Wakati ule darasa letu bado lilisomeshwa kwa Kiingereza. Kila Ijumaa asubuhi aliandika ubaoni herufi mbili, na sisi tumtafutie maneno yanayoanza nazo, na maana zake. Alikuwa anasema maneno nayo yana koo zao, ukizijua herufi za ukoo unamjua mtoto wa nani. Wiki moja alitupa K na N: knot, fundo, knell, mlio wa kengele ya msiba. Wiki nyingine G na N: gnat, usubi, gnaw, kuguguna. Kuna ukoo wa D na W ambao una watu wachache mno, na katika hao nilimpenda dwindle, kupungua kidogokidogo, kwa sababu lilifanana na ndoo yetu iliyotoboka.

Ijumaa moja akaandika W na R. Akasema, ukoo huu W anakaa mbele lakini hasemi, kama mtu aliyekaa na mama mkwe wake. Wenzangu wakaanza: write, wrong, wrist. Mimi mkono wangu ulikuwa juu mpaka nimesimama kwa vidole vya miguu. Nilikuwa na neno ambalo hakuna mwingine angelipata. Akanichagua. Nikasema kwa sauti ya kanisa: wreck! Akafurahi. Maana yake? Nikasema: Asiyeshindwa!

Mwalimu akanisogelea. Aliniuliza taratibu nani kanifundisha, nikamjibu ni karani wa stesheni, na kwamba ndilo jina la chombo cha baba. Alisimama pale na chaki yake, nikaona anatafuta njia ya kutokea. Lakini alikuwa mwalimu, hakuweza kuacha uongo ubaoni. Akasema, mwanangu, wreck ni chombo kilichovunjika majini. Kilichozama.

Darasa lililipuka. Walicheka wakapiga madawati. Nilikaa chini, masikio yanawaka, na ninachokikumbuka zaidi ni harufu ya chaki. Sikulia. Nilikuwa nakumbuka migebuka aliyoila.

Dawati la mbele yangu alikaa mtoto wa mama mmoja mwenye biashara ya dagaa. Kabla ya adhuhuri habari ilishafika ufukweni. Na akina mama wa ziwa, mwenzangu, hawachezi na jina. Mtu hapandishi makapu yake na mtoto wake mgongoni kwenye chombo kinachojiita kimezama. Waliteremsha mizigo yao bila ugomvi. Mmoja alimwambia baba, "Shemeji, usinione vibaya, nina watoto," akahamia chombo cha mwingine. Wakahama wote.

Baba akaenda barazani kwa karani, na mimi nyuma yake. Akamuuliza kwa upole, ndugu yangu, umenifanyia nini? Karani akajipiga mapaja kwa kucheka. "Mtani wangu! Si ulitaka jina ambalo hakuna mwenye nalo? Nimekupa! Au leo Waha wamesahau utani?" Watu walikuwa wamejaa njiani, wote wanamwangalia baba usoni, waone kama atakasirika. Baba akacheka. Mila ndiyo iliyomchekesha. Kilikuwa kicheko kidogo, kama cha mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wageni. Kile kikubwa cha kufika msikitini hatukukisikia tena muda mrefu. Nilimwangalia karani nikasema moyoni: wewe, wallahi, hutapona.

Baba alitaka kulikwangua lile jina. Bibi akamzuia. Alisema chombo kimesomewa dua na jina lake, ukikwangua jina umekwangua na dua. Halafu akasema lingine, kwa sauti ya chini, huku anakoroga mawese: "Utani haulipwi kwa hasira. Unalipwa kwa utani. Acheni jina hapo. Mdomo uliolitoa ndio utakaolisoma."

Basi kikakaa mchangani. Mbuzi wa jirani walilala kivulini mwake, kuku akatagia ndani. Baba, fundi wa chombo kizuri kuliko vyote pale, akawa anapiga makasia kwenye vyombo vya watu. Mgebuka ukapungua kwenye sahani, ukabaki ugali na majani. Na karani kila jioni anapita na baiskeli, anapiga kengele, "Mtani, hamjambo?" Tunajibu hatujambo.

Mimi nilimwendea mwalimu nikamwomba ukoo mzima wa W na R. Hakuniuliza wa nini. Nadhani alijua. Siku zile ndizo nilizokijua Kiingereza, usidanganywe na mtu kwamba mtoto husoma kwa kupenda elimu. Nilisoma kwa chuki. Nikikamua nguo nilisema wring, kusokota kwa kukamua, na nguo ilikuwa shingo yake. Nikiponda ngazi nilisema wrath, ghadhabu kuu. Mnyoo ukijinyonganyonga kwenye udongo, huyo ni writhe. Wretch, mtu duni. Wrest, kupokonya kwa nguvu. Wreak lilikuwa kipenzi changu: mwalimu alisema Waingereza hulitumia hasa kwa kisasi, mtu kukimwaga kisasi chake juu ya mwingine. Nililala nalo mdomoni kama pipi.

Haikupita misimu miwili ya mvua karani akatangaza anaoa. Na mwanamke anatoka wapi? Mwamgongo! Bibi aliposikia aliacha kukoroga, akapiga vigelegele peke yake uani. Maana Mwamgongo wakati ule hukufika kwa baiskeli, wala kwa treni. Hukufika ila kwa maji.

Bibi hakutuambia anafanya nini. Alijifunga kanga yake nzuri, akazunguka kwa wenye vyombo wote, mmoja mmoja, na kibuyu cha mawese mapya kwa kila mmoja. Mtani ana haki ya kumzuia bwana arusi njia mpaka aridhishwe, kila mtu alijua. Siku ya arusi karani akateremka ufukweni na kundi lake. Kanzu nyeupe inameta, koti jeusi, viatu vya kupigwa dawa. Chombo alichokodi kimetoboka usiku ule. Cha pili kimekwenda kuvua. Cha tatu mwenyewe anaumwa tumbo, mgonjwa amekaa hapo hapo anakula maandazi. Ufuko mzima watu wamejaa, hakuna aliyekwenda kazini. Majini kimeelea chombo kimoja tu, kimesuguliwa, kinang'aa, herufi za bluu na kingo za njano.

Bibi amesimama mbele yake majini mpaka magotini. Mimi pembeni yake, sare ya shule. Akapiga makofi yetu ya Kiha ya kumwamkia mtu mkubwa, taratibu, na goti likakunjwa. "Karibu, mtani wangu. Chombo chako hiki. Ila sisi hatukusoma. Tusomee kwanza jina lake."

Karani akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akatoa kitambaa cha kanga kumpa bibi kama fidia, bibi akakiangalia kama kitu kilichookotwa. Akajaribu tena kucheka, kisha akasoma: wreck.

"Maana yake?"

Na unajua alisema nini? Kwenye siku yake ya arusi, mbele ya ziwa la Mungu? Akasema: "Asiyeshindwa."

Bibi akanigeukia mimi. "Mwanafunzi. Kasema kweli?" Nikasema kwa sauti yangu yote, hapana, huyu ni mwongo. Ufuko ukaguna. Jua linapanda, upepo wa kusini unaanza, na huko Mwamgongo wakwe wanasubiri na ngoma zao. Bibi akasema tuna subira sisi, tumeshinda njaa.

Karani akasoma tena. Akasema ni chombo kilichovunjika. Sauti, mtani, wazee hawasikii. Chombo kilichovunjika! Nani alimpa mwanangu jina hilo? Mimi. Ulikula nini siku hiyo? Migebuka. Ya nani? Jasho lilikuwa linamtiririka ndani ya kola. Akamtaja baba kwa jina lake kamili na la babu yake, akaomba radhi mbele ya akina mama wa dagaa wote, na akina mama wakapiga vigelegele kama wao ndio wanaoolewa. Mtenda akitendewa, mwenzangu, hudhani ameonewa. Alikuwa na uso wa mtu aliyeonewa.

Akapanda. Bibi akanipandisha na mimi, akasema bwana arusi asafiri na mwalimu wake. Baba na wapiga makasia walivuta, na mimi nilisimama karibu na mlingoti nikatoa ukoo mzima, neno na maana yake, kwa mapigo ya makasia. Wring, kukamua! Writhe, kujinyonganyonga! Wretch, mtu duni! Wapiga makasia wanaitikia maana. Karani peke yake kati ya abiria ndiye aliyelielewa kila neno mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Tulipofika mbele ya milima ya Gombe mawimbi yakatuchukua juu na kutushusha, na mtu wa reli ya Tabora akakumbatia ubao akatapika juu ya viatu vyake vya dawa. Nilimkaribia sikioni nikamnong'oneza lile nililolitunza: wreak. Nikamwangalia mpaka akatazama pembeni. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile.

Tulimfikisha, akaoa, tukamrudisha na mkewe hata tone halijamwangukia. Kesho yake yule mama aliyesema ana watoto alikuwa wa kwanza kupandisha makapu. Akasema, chombo kilichombeba huyo na dhambi zake hakizami tena. Kikaitwa hivyohivyo, WRECK, watu wakitamka Reki, na mpaka kinaoza kilibeba dagaa, maharusi, na maiti. Nikala mgebuka. Nikasoma mpaka juu.

Siku hizi utani umebaki wa kurushiana maneno kwenye simu. Mtu akikutenda unakwenda polisi, au unanyamaza unaumwa presha. Hakuna tena ufuko mzima utakaoacha kazi ili mwongo mmoja asome alichokiandika. Watu wa rika la bibi wamekwisha, na vile vyombo vya mbao vimekwisha, na maji yenyewe yamehama pale, mahali pa arusi ile panalimwa bamia.

Ungedhani basi nimeridhika. Nilidhani hivyo mimi pia, nikiwa mtoto. Lakini tangu siku ile darasani, baba hakupokea tena neno la mtu. Ukimwambia kesho nitakuja, ananigeukia mimi, ananiangalia usoni. Walipokuja mabwana wa serikali kututangazia tuhamie kijiji cha ujamaa, wakamweleza vizuri kabisa, na walikuwa watu wazuri, baba alisikiliza mpaka mwisho kisha akageuza shingo kunitafuta. Aliponiozesha, mkwe wangu anasema mahari yake, baba ananiangalia. Mtu mzima, mwenye mvi, aliyekuwa akicheka mpaka msikitini.

Karani alikufa kabla yake. Nilikwenda msibani, nikafanya utani wangu kama mila inavyotaka, nikalala kwenye mkeka wa wafiwa, watu wakacheka. Sikumsamehe. Nilimwambia hivyo kaburini, kwa Kiingereza ili anielewe vizuri.

Baba alipougua mara ya mwisho nilikuwa naye hospitali. Nesi alikuwa binti mpole, akamuinua kichwa akamwambia, "Meza, babu, hii itakupunguzia maumivu." Maumivu yalikuwa yanamtoa machozi. Akafumba mdomo. Akageuza macho yake polepole kunitafuta mimi, akasubiri mpaka nilipomwambia: ni kweli, baba, meza.